Kisichovunjika Kisikatwe

Kabla sijaiwasha grenda hata mara moja, niliandika maneno mawili kwa chaki kwenye ukuta wa karakana: KISICHOVUNJIKA KISIKATWE. Niliyaandika juu, kwa herufi kubwa, mahali ambapo macho yangeyakuta kila ninapoinua kichwa kutoka kwenye jiliwa. Nilijua nitahitaji kukumbushwa. Mtu mwenye grenda mkononi na gari kuukuu mbele yake huwa na haraka ya ajabu.

Gari lenyewe lilikuwa rodsta, yaani gari la wazi lisilo na paa la bati, ya Ford Model A ya mwaka 1930, au tuseme mabaki yake: bodi, fremu, ekseli mbili, na boneti ya upande mmoja. Injini na giaboksi hazikuwepo. Madigadi yote manne yalishapotea, kiti pia, na kutu ilikuwa imekula sehemu ya chini ya bodi kuzunguka pande zote, kwa kimo cha kiganja. Lilikuwa limepumzishwa juu ya matofali kwa muda mrefu hata matofali yenyewe yakazama ardhini.

Kama lingekuwa zima, ningelirudisha kama lilivyotoka kiwandani na leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa. Nina heshima kubwa kwa wanaofanya kazi hiyo. Lakini gari hili halikuwa na cha kurudishwa. Lilikuwa limeshavuliwa nusu, na rodsta iliyovuliwa ndiyo mama wa hotrodi zote, yale magari ya zamani yaliyopunguzwa uzito na kuongezewa nguvu ili yakimbie.

Kwa asiyejua historia yake, nieleze kidogo. Kati ya mwaka 1927 na 1931 Ford ilitengeneza Model A karibu milioni 5. Injini yake ilikuwa ya silinda 4, lita 3.3, na nguvu za farasi 40. Kisha mwaka 1932 kampuni hiyo ikatoa V8, yaani injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 65, injini ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kuinunua ndani ya gari la kawaida. Vijana wa kusini mwa California wakajumlisha vitu hivyo viwili. Walichukua bodi nyepesi isiyo na paa la bati, wakaing'oa madigadi, bampa na chochote kisichosaidia mwendo, wakaiwekea V8, wakaenda kukimbia kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, ambako ardhi ni bapa mpaka macho yanapoishia. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama cha SCTA (Southern California Timing Association) ili mwendo upimwe kwa utaratibu na watu wasiumizane. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, waliorudi walirudi wakijua kuchomelea, kukereza na kusoma vipimo, na kazi ikapamba moto.

Mimi ni mkereza vyuma. Miaka 26 nimesimama mbele ya mashine ya kerezo nikitengeneza bushi na shafti za mashine za watu wengine. Nilipolitazama gari lile nilielewa kwamba kwa mara ya kwanza ningetengeneza kitu ambacho kila kipande chake kingejua mkono wangu.

Sheria ya ukutani ilianza kunigharimu siku ya kwanza. Nilitaka kufupisha kioo cha mbele. Rodsta nyingi za zamani zimekatwa nguzo za kioo kwa inchi 2 au 3 na zinapendeza sana, zinakaa kama mnyama aliyeinamisha kichwa. Nguzo zangu zilikuwa nzima, hazina hata ufa. Nilizitoa, nikazisugua, nikazishika mkononi jioni nzima, kisha nikazirudisha zikiwa na urefu wake uleule. Na bodi sikuishusha juu ya fremu kama wengi wanavyofanya, kwa sababu hiyo. Kushusha kunataka kukata sakafu, na mbavu za sakafu zilikuwa bado imara.

Kilichooza, hicho nilikikata bila huruma. Hapa ndipo rodsta inapomfunza mtu adabu. Gari lenye paa la bati lina sanduku linaloshikilia umbo lake. Rodsta haina. Ukikata sehemu ya chini ya bodi kabla hujaifunga, bodi inajikunja katikati kama kitabu, na hutaliona kosa hilo mpaka siku ya kufunga mlango, utakapogundua kwamba mlango haujui tena nyumba yake. Nilichomelea mabomba ya pembe nne ndani ya matundu ya milango yote miwili, mengine yakapita kutoka upande hadi upande chini ya sehemu ya kioo, mengine nyuma ya mahali pa kiti. Nilifunga milango yote ikiwa imekaa mahali pake, nikapima nafasi kati ya mlango na bodi kila baada ya sentimita 10, nikaandika namba kwenye bati lenyewe kwa kalamu. Hapo tu ndipo nilipokata.

Mabati mapya ya chini niliyakunja kwa mkono kutoka bati la milimita 1. Niliyachomelea kwa gesi, ingawa gesi ni polepole, kwa sababu mshono wa gesi unabaki laini na unakubali nyundo. Unachomelea urefu wa kidole, unagonga taratibu juu ya fuawe ndogo ya mkononi ukiunyoosha, unangoja upoe, unahamia upande mwingine. Kazi ya pande zote mbili ilinichukua miezi mitatu ya jioni na siku za mapumziko. Puti ya kusawazisha bati niliyotumia mwishoni ingejaa kikombe kimoja cha chai. Najivunia kikombe hicho kuliko rangi.

Fremu ya Model A ni ya kusikitisha ukiijua kazi unayotaka kuipa. Reli zake ni bati lililokunjwa umbo la C, wazi upande wa ndani, na ziliundwa kubeba farasi 40. Ukiweka V8 juu yake inajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa. Dawa yake ni kuziba upande ule wazi kwa bamba ili C iwe sanduku. Hilo ni kuongeza, si kukata, kwa hiyo ukuta haukupinga. Kwenye reli ya kulia nilikuta ufa ulioanzia kwenye tundu la ribiti. Nilitoboa shimo dogo mwisho wake ili usiendelee kutembea, nikaupanua kwa tupa, nikauchomelea, kisha nikaweka bamba.

Kosa la wengi ni kuchomelea bamba lote kwa pumzi moja. Joto linavuta chuma, na reli ya urefu wa mita kadhaa inageuka upinde. Mimi niliifunga fremu kwa bolti juu ya meza ya chuma, nikachomelea sentimita 3 mbele kushoto, 3 nyuma kulia, 3 katikati, nikaenda kunywa maji. Nikirudi naanza upya. Kila nilipomaliza mzunguko nilipima mishazari miwili kutoka pembe hadi pembe. Mwisho wa yote ilitofautiana kwa milimita 2, na kwa fremu ya mwaka 1930 hilo lilinifanya nikae chini nikacheka peke yangu kwa furaha.

Breki ndizo zilizonikalia moyoni kuliko yote. Model A ilitoka na breki za fimbo: unakanyaga, fimbo zinavuta, viatu vya breki vinapanuka ndani ya dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Hakuna mafuta ya breki. Zikirekebishwa vizuri zinafaa kwa mwendo wa gari lile, na sisemi vibaya juu yake, lakini mimi nilikuwa naliandalia gari injini yenye nguvu zaidi ya mara mbili. Ford yenyewe iliingia kwenye breki za haidroliki mwaka 1939, na tangu hapo hadi 1948 zilikuwa za dramu za inchi 12, pana kuliko zile za inchi 11 za Model A. Watengeneza hotrodi wamekuwa wakizihamishia kwenye magari ya zamani tangu enzi hizo, na nikafuata njia yao. Fimbo za zamani zilikuwa nzima. Nilizipaka grisi, nikazifunga kwa karatasi ya mafuta, nikazitundika. Siku yoyote mwenye gari hili baada yangu akizitaka, zipo.

Breki hizo zina ukaidi wao. Kila kiatu kina marekebisho ya chini na ya juu, na ni lazima uduara wa kiatu ukae sawasawa na uduara wa dramu. Usipousawazisha, kiatu kinagusa kwa ncha, unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari linakutazama tu. Nilikereza dramu zote nne kwanza, maana hakuna hata moja iliyokuwa duara la kweli. Kisha nikatengeneza kipimo changu kwenye kerezo: bushi inayovaa ekseli na mkono mrefu wenye ncha, nikaizungusha juu ya kiatu, nikasogeza, nikazungusha tena. Gurudumu moja lilichukua asubuhi nzima.

Kutoa hewa kwenye mabomba kunataka watu wawili. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, alikaa sakafuni maana kiti hakikuwepo, mguu kwenye pedali, mimi nikiwa chini na chupa na mpira mwembamba. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, shangazi."

"Shikilia hapohapo."

"Inazama shangazi, inazama."

"Iache izame, usiinue mguu mpaka nikwambie."

Tulirudia hivyo mpaka mafuta yakatoka bila povu hata chembe, na pedali ikawa ngumu kama ukingo wa meza. Kisha tukafanya jambo ambalo watu walituona wa ajabu. Gari likiwa halina injini, tulilisukuma hadi juu ya mteremko, mpwa wangu akashika usukani akiwa amekalia sanduku tulilolifunga kwa bolti, nami nikatembea pembeni. Akaliacha literemke, akakanyaga. Lilisimama moja kwa moja bila kuvuta upande wowote. Tukarudia mara 8. Gari langu lilijua kusimama kabla halijajua kwenda, na mpaka leo nalala vizuri kwa sababu hiyo.

Sasa injini. Nilichagua V8 ya Ford ya kichwa bapa, ya aina ya 59A iliyofungwa kwenye magari ya 1946 hadi 1948: lita 3.9, nguvu za farasi 100 ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Inaitwa kichwa bapa kwa sababu valvu hazipo juu. Zimekaa ndani ya bloku, pembeni mwa silinda, na kifuniko cha juu ni bamba tu lenye vyumba vya kuchomea mafuta. Mchanganyiko wa hewa na petroli unapanda, unapinda, unashuka kwenye silinda. Si njia nzuri ya kuvuta pumzi. Na moshi ni balaa zaidi, kwa kuwa unapita ndani ya bloku, katikati ya maji ya kupoza, ndipo utoke nje. Silinda mbili za katikati kila upande zinatumia mlango mmoja, ndiyo maana injini ya silinda 8 ina milango 6 tu ya moshi. Unapasha moto maji yaleyale unayotaka yapoze. Hapo ndipo inapotoka sifa yake mbaya ya kuchemka.

Bloku ya kwanza niliyonunua ilikuwa safi machoni. Niliipeleka kupimwa kwa unga wa chuma na sumaku, na unga ukajipanga mstari kutoka kwenye kiti cha valvu hadi kwenye silinda. Ufa. Hapo ndipo bloku hizi hupasuka mara nyingi, na muuzaji aliyeniapia kwamba ni nzima huenda hata yeye hakujua. Ya pili ilikuwa nzima. Ndani ya njia zake za maji nilikuta mchanga wa kiwandani, mchanga uliotumika kuunda kalibu wakati wa kumimina chuma, umegandamana na kutu ya miaka mingi. Jioni mbili nilichokonoa kwa waya uliokunjwa, nikasuuza, nikapuliza kwa upepo, nikachokonoa tena. Mchanga uliotoka ulijaza kopo. Ninaamini magari mengi ya aina hii yanachemka kwa sababu ya kopo hilo, na watu wanalaumu feni.

Nilipanua silinda kwa sehemu 60 kwa 1,000 za inchi, ikawa lita 4 na kidogo. Ningeweza kupanua zaidi, wengi hufika mbali kuliko hapo, lakini ukuta mnene wa silinda unavumilia joto vizuri na mimi nilitaka gari la kuendesha, si la kusimulia. Vichwa niliweka vya aluminiamu vyenye mgandamizo mkubwa kidogo, na kabureta mbili za Stromberg 97. Namba hiyo 97 ni upana wa koo la kabureta, sehemu 97 kwa 100 za inchi. Kuzisawazisha mbili nilitumia kipande cha mpira: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza mluzi wa hewa, unahamia ya pili, unakaza au kulegeza hadi milio ifanane. Mpwa wangu ana sikio zuri kuliko langu kwa kazi hii na nimemwachia.

Giaboksi ni ya Ford ya mwaka 1939, ya gia 3, inayobadilika kwa ulaini kuliko ile ya Model A. Na hapa nakiri: nilivunja sheria ya ukuta. Ekseli ya nyuma niliyoweka ni ya mwaka 1940, na propela yake, shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli, inazunguka ndani ya bomba refu ambalo ni refu mno kwa gari langu. Bomba lile lilikuwa zima. Nilitafuta lililopinda au lililokatwa na mtu mwingine kwa miezi miwili, sikulipata, nikalikata. Kazi ilitoka sawa, shafti inazunguka bila mtikisiko. Kipande kilichobaki kiko chini ya benchi na sijakitupa.

Umeme niliuacha wa volti 6. Niliambiwa na kila mtu niweke 12. Mwanzoni injini ikiwa ya moto stata ilizunguka kwa uvivu, ikipiga nusu mzunguko na kufikiri, nami nikaanza kuwaamini. Kumbe nilikuwa nimefunga waya mnene wa kutosha kwa volti 12 tu. Volti zikiwa nusu, mkondo unakuwa mara mbili, na waya mwembamba unaumeza njiani. Nilibadilisha nyaya za betri na za stata kwa zenye unene mkubwa, nikakwangua rangi pale zinaposhikana na fremu, na tangu hapo inawaka ikiwa baridi au moto.

Injini ilinguruma mara ya kwanza saa nne usiku. Nilikuwa nimeizungusha kwanza bila plagi mpaka kipimo cha oili kikainuka. Nikafunga plagi, nikahakiki tena mpangilio wa nyaya, 1-5-4-8-6-3-7-2, nikabonyeza. Sauti ya kichwa bapa haifanani na V8 nyingine yoyote. Ni nzito na ya chinichini, yenye mapigo yasiyolingana, kwa sababu ya zile silinda za katikati zinazotolea pumzi mlango mmoja. Nilisimama na kitambaa mkononi nikashindwa kusema kitu.

Barabarani lilikwenda, lakini lilipoongeza kasi likaanza kuyumba. Usukani haukuwa na uamuzi. Nililirudisha katikati, likaenda pembeni lenyewe. Nilipunguza mwendo nikarudi taratibu. Ilinichukua wiki nzima kuelewa. Ekseli ya mbele inatakiwa iinamie nyuma kidogo kwa juu ili magurudumu yajinyooshe yenyewe, na mimi niliiweka nyuzi 6 fremu ikiwa imelala sawa mezani. Kisha nikafunga ekseli iliyopindwa chini kwa inchi 4 na tairi kubwa nyuma, gari likainama mbele jinsi hotrodi inavyotakiwa kuinama, na nyuzi 3 zikapotea. Mikono miwili inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye fremu niliishusha kwa nyuma sentimita 5, mwinamo ukarudi. Safari iliyofuata niliachia usukani kwa sekunde moja, na lilikwenda kama linafuata uzi.

Limebaki jambo moja ambalo wageni huniuliza. Tangi la mafuta la Model A limo ndani ya bodi, mbele ya kioo, juu ya magoti ya abiria, na kipimo chake kimechomekwa moja kwa moja kwenye tangi: boya dogo linazungusha namba nyuma ya kioo. Sikutaka petroli juu ya magoti ya mtu, kwa hiyo nimeweka tangi jipya nyuma. Lakini tangi la zamani ni sehemu ya bodi yenyewe, na lilikuwa zima. Nimelisafisha, nimelikausha, nimeliacha tupu mahali pake na kipimo chake. Juzi tulitoka jua likizama, mpwa wangu akiwa pembeni, upepo umejaa masikioni. Aliinama akatazama dashibodi, akanigusa bega.

"Shangazi, inasoma sifuri."

"Najua," nikamwambia, nikakanyaga mafuta.